Je, Aliyezuiwa na Upepo Amevunja Ahadi?

Tumeulizwa katika darasa letu swali ambalo kwa juu juu laonekana dogo, lakini kila tulivyolipekua tuliona mizizi yake ni mirefu. Muulizaji ni kijana wa papa hapa mjini kwetu, ambaye kwa miaka kadhaa anafanya kazi katika jimbo la Minnesota, huko Marekani, walikohamia watu wengi wa Afrika Mashariki, khasa ndugu zetu Wasomali. Alikuja likizo kumwona mamake, akahudhuria darasa, na baada ya sala ya Isha akatueleza kisa chake. Nitakisimulia kama alivyokisema, kisha nitataja waliyoyasema waliohudhuria, kisha nitatoa rai yangu. Mwenye kuona kosa na anisahihishe, kwani sote ni wanafunzi.

Kaskazini ya jimbo hilo, penye mpaka wa Marekani na Kanada, iko nyika ya misitu na maziwa iitwayo Boundary Waters. Ukubwa wake wapita ekari 1,000,000, na maziwa yake yazidi 1,000. Sheria ya mwaka 1964, na nyengine ya mwaka 1978, ziliihifadhi ibaki kama ilivyoumbwa. Ndani yake hamna maduka wala nyumba za wageni, na katika maziwa yaliyo mengi vyombo vya mashine vimekatazwa. Mwenye kuingia huingia kwa mtumbwi na kafi. Afikapo mwisho wa ziwa huubeba mtumbwi mabegani, akapita nao msituni mpaka ziwa la pili. Na usiku hulala katika hema. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakisafiri Waojibwe, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, kwa mitumbwi ya magome ya miti, kabla Wazungu hawajakanyaga huko.

Kijana wetu alikwenda huko peke yake, mwezi wa Septemba, kwa siku nne. Asema alichoka na kelele za kiwandani, akataka kusikia moyo wake. Kabla ya kuondoka alimwambia mamake kwa simu, na akamwambia rafiki yake anayeishi naye: "Jumapili kabla ya Magharibi nitakuwa nimerudi, inshaallah."

Usiku wa kuamkia Jumapili ukavuma upepo mkali pamoja na mvua. Kabla ya kusimamisha hema alikuwa ametazama juu, akajiepusha na miti iliyokufa, kwani huko upepo huangusha miti juu ya mahema na kuwaua walalao. Mtumbwi aliupandisha mbali na maji, akaupindua na kuufunga kwa kamba katika mashina mawili. Usiku kucha aliisikia miti ikivunjika upande wa pili wa kisiwa. Asubuhi mvua ilikuwa imekoma, lakini upepo haukukoma. Baina yake na njia ya kurudia palikuwa na ziwa moja kubwa, na mawimbi yake yalikuwa meupe kutoka pwani mpaka pwani. Simu haikushika. Mara mbili aliusukuma mtumbwi majini, na mara mbili akaurudisha. Jumapili yote alikaa hapo hapo. Jumatatu alfajiri upepo ukalala. Akasali, akavuka kabla jua halijapanda.

Alipofika mjini alikuta mambo yameharibika. Rafiki yake alikuwa amekwisha kuwapa khabari walinzi wa nyika, na watu wawili walikuwa wakitayarisha chombo cha kwenda kumtafuta. Mamake hakulala wala hakula. Na mmoja wa wazee wake alimwambia kwa simu: "Mwanamume hushika ahadi yake. Wewe uliogopa maji." Neno hili ndilo lililomchoma. Akatuuliza: Je, mimi ni mvunja ahadi? Na je, nilikuwa na haki ya kwenda?

Waliohudhuria wakagawanyika. Mzee mmoja aliyekuwa baharia alisema kwamba kosa ni kule kwenda, kwani mtu pekee katika maji ni maiti aliyekawia kuzikwa. Mwalimu mmoja kijana akasema: La, ajali haina kinga, aliyeandikiwa kufa atakufa kitandani mwake, basi kwa nini asivuke akatimiza ahadi, na tawakali yake iwe kwa Mola wake?

Nami naanza na kauli hii ya mwalimu, kwani ndiyo yenye khatari zaidi. Ni kweli kwamba ajali imeandikwa. Lakini hakuna ajuaye kilichoandikwa, na mtu hakukalifishwa kutenda kwa asichokijua. Amekalifishwa kutenda kwa anachokiona, na alichokiona kijana huyu ni mawimbi meupe. Mtumbwi wa mtu mmoja uzito wake hukaa tezini alikoketi mpiga kafi. Omo huwa nyepesi ikanyanyuka, upepo ukaishika na kuugeuza mtumbwi ubavu kwa mawimbi. Na maji ya maziwa yale ni baridi ya kumlegeza mtu viungo kabla hajachoka kuogelea. Kuyajua haya kisha kuvuka si tawakali. Ni kumjaribu Mungu. Sote twaijua hadithi ya bedui na ngamia wake, kwamba kufunga kamba na kutegemea ni mambo mawili yasiyogombana. Kijana aliyefunga mtumbwi wake katika mashina mawili aliifahamu hadithi hiyo kwa mikono yake kuliko sisi tunaoihifadhi kwa ndimi.

Wala upepo wa huko si wa kufanyiwa mzaha. Tarehe 4 Julai 1999 tufani ilipita katika nyika hiyo hiyo kwa mwendo wa maili 80 mpaka 100 kwa saa. Iliangusha miti katika mamia ya maelfu ya ekari, na watu wapatao 60 waliokuwa wamepiga kambi waliumia. Baadhi yao walichukuliwa kwa ndege zinazotua majini, kwani njia nyingi za msituni zilikuwa zimezibwa na magogo.

Na wanazuoni wa madhehebu yetu ya Kishafii walikwisha kulipima jambo hili zamani. Wamesema kwamba Hija, ambayo ni nguzo ya dini, hailazimu kwa njia ya bahari ila ikiwa salama ndiyo yenye kughalibu. Tazama basi: ikiwa ahadi ya mja kwa Mola wake yangojea bahari itulie, vipi ahadi ya kijana kwa rafiki yake isingoje? Kwa hivyo jawabu la swali la kwanza ni kwamba kwa kukaa kisiwani hakuvunja ahadi. Aliyemwambia kuwa aliogopa maji amesema kweli, lakini hakumtukana. Anayeogopa kinachofaa kuogopwa ana akili, na ushujaa wake ni kule kuvumilia kudhaniwa mwoga.

Lakini sikusema kwamba hana kosa. Kosa lake liko kabla ya upepo, nalo liko katika neno ambalo sote twalitamka kila siku.

Alisema, "Jumapili, inshaallah." Sisi tumelifanya neno hili kama nakshi ya mlango; lapendeza, lakini mlango wafunguka bila yake. Asili ya neno hili ni sharti. Mwenye kulitamka amekiri kwamba kuna upande wa pili: huenda Mola wake asitake. Basi akiwa amelisema kwa moyo, hana budi kuutengenezea upande huo wa pili. Ilimpasa aseme: "Nataraji kurudi Jumapili. Upepo ukinizuia, nitakaa nilipo mpaka utulie. Chakula cha siku mbili zaidi ninacho. Msipate khofu mpaka Jumanne. Nikikosekana Jumanne, nitafuteni katika ziwa fulani." Lau angalisema hivi, mamake angalilala. Hakusema, kwa sababu aliifanya Jumapili kuwa mali yake, na siku si mali ya mtu.

Hapa ndipo linapoingia swali la pili, la haki ya kwenda peke yake. Nilipokuwa mtoto, mvuvi mmoja wa mtaa wetu alitoka peke yake na hori katika siku za kusi kali, wala hakumwambia mtu anakwenda upande gani. Ilipofika Magharibi hajarudi, watu wawili wakatoka na dau kumtafuta. Asubuhi yule mvuvi akarudi mzima, alikuwa amejibanza nyuma ya kisiwa. Katika wale wawili, mmoja hakurudi. Nilimjua mvuvi huyo mpaka uzeeni mwake. Hakutoka tena nyumbani, hata kwenda kisimani, bila ya kutaja aendako.

Tangu siku hiyo sikuamini kwamba yuko mtu aendaye peke yake. Mtumbwini ameketi mmoja, lakini nyuma yake yuko mama asiyelala, na yuko jirani atakayetweka tanga usiku. Mwenye kusema "Roho ni yangu, niacheni nayo" amekosea mara mbili: roho ni amana ya Mola, na khatari yake ni deni juu ya wengine. Safari ya mtu pekee imechukizwa na Mtume wetu (S.A.W.), na hekima yake yaonekana wazi. Lakini siwezi kumwambia kijana huyu kwamba kutaka faragha ni dhambi. Wema waliotutangulia walijitenga ili wazihesabu nafsi zao, na mjini kwetu leo ni wachache wanaopata hata saa moja ya kimya. Namwambia ajitenge, lakini asijifiche. Aache nyuma khabari ya njia yake na nafasi ya kuchelewa kwake, na hapo atakuwa ametimiza haki ya waliobaki.

Alipokwisha kunisikiliza, kijana alinyamaza, kisha akauliza: "Basi nimfanyie nini mama?" Nikamwambia asimsimulie upepo, kwani upepo ameushinda. Amwombe radhi kwa ile Jumapili. Usiku huo huo alikwenda, na mamake, nimeambiwa, alicheka na kulia kwa pamoja.

Enyi ndugu zangu, kila mmoja wetu ana ziwa lake la kuvuka na ana watu wanaomngoja ng'ambo. Mwenye kutoka na aseme inshaallah kwa kulijua maana. Na mwenye kungoja asifanye haraka kumwita mwoga aliyekawia, kwani hajui upande wa pili kunavuma nini. Mwenyezi Mungu atulinde sisi na wasafiri wetu wa bara na bahari. Amin.