Wimbo Mmoja ni Upi? Suala la Utambulisho katika Hifadhidata ya Nyumbani

Hifadhidata ni mkusanyiko wa taarifa uliopangwa ili kila taarifa itafutwe na kupatikana kwa wepesi, na mtu anayekusudia kuorodhesha kwa njia hiyo kanda, santuri na mafaili ya muziki aliyoyakusanya kwa miaka mingi hudhani kuwa kazi iliyo mbele yake ni ya ufundi tu. Kumbe kabla hajachora jedwali la kwanza hulazimika kujibu swali ambalo wanafalsafa wamelijadili kwa karne nyingi: ni vitu gani vilivyopo, na ni lini viwili huhesabiwa kuwa kimoja?

Wimbo wa "Malaika" watosha kuwa mfano. Uliwahi kurekodiwa na Fadhili William wa Kenya, akauimba Miriam Makeba wa Afrika Kusini, na kundi la Boney M nalo likautoa kwa mtindo wake. Je, mwenye rekodi hizo ana wimbo mmoja au nyimbo tatu? Shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, IFLA, katika ripoti yake ya mwaka 1998, lilitenga ngazi nne: kazi, yaani utunzi wenyewe usioshikika kwa mkono, udhihirisho, yaani uimbaji fulani wa utunzi huo, toleo, yaani uimbaji huo ulivyochapishwa katika santuri au kanda, na nakala, yaani kanda ile ile iliyomo kabatini. Kwa mpangilio huo majibu yote mawili ni sahihi, mradi ngazi zisichanganywe. Mkusanyaji wa nyumbani anaweza kuziunganisha ngazi mbili za kati bila hasara kubwa, lakini akiweka kazi na nakala katika mstari mmoja wa jedwali, siku atakapofuta kanda iliyokatika atakuwa ameufuta na utunzi.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika nakala zinazofanana. Edgar Codd, mwanahisabati Mwingereza aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM, alieleza mwaka 1970 kwamba jedwali lichukuliwe kuwa seti, na kwa kuwa seti haihesabu kitu kimoja mara mbili, mistari miwili inayolingana katika kila safu ni mstari mmoja. Hapo Codd anakutana na Leibniz, mwanafalsafa wa Ujerumani (ambaye, kwa bahati njema, alikuwa pia mtunza maktaba), aliyeshikilia kwamba vitu viwili visivyotofautiana kwa sifa yoyote si viwili. Wabunifu wengi hukwepa sharti hilo kwa kuipa kila nakala namba isiyo na maana nyingine yoyote, inayotumiwa kuwa ufunguo msingi, yaani kitambulisho cha mstari, na kwa kufanya hivyo wanaegemea, pengine bila kujua, upande wa Duns Scotus, mwanazuoni wa zama za kati aliyefundisha kwamba kila kitu kina upekee wake usiotokana na sifa zake. Tofauti ni kwamba upekee wa Scotus umo ndani ya kitu chenyewe, ilhali namba hutolewa na mwenye orodha. Yeye ndiye anayeamua kwamba kanda zake mbili ni mbili.

Inabaki safu ya mtunzi. Utunzi wa "Malaika" umehusishwa na Fadhili William, na pia na Adam Salim, na mabishano hayo yamedumu kwa miaka mingi. Kuiacha safu tupu hakusaidii, kwa sababu utupu katika hifadhidata hauonyeshi kama mtunzi hajulikani, hakuwahi kuwapo, au anabishaniwa, na hayo ni mambo matatu yaliyo mbali mbali. Njia ya haki ni kuunda jedwali la pembeni la madai, ambalo kila mstari wake unataja kazi, anayetajwa kuwa mtunzi, na chanzo cha dai hilo. Jedwali hilo huongeza kazi kidogo tu, na hifadhidata inayokosa nafasi hiyo, ikamlazimisha mwenyewe kuandika jina moja, ina kasoro hata kama safu zake zote zimejazwa.