Kumkosoa Daktari Mbele ya Mgonjwa

Mwaka 1882, kule Urambo kwa Mtemi Mirambo, mgonjwa alimwelekeza mtu wa kumkata mkono. Mgonjwa alikuwa Dkt. Ebenezer Southon wa London Missionary Society, aliyefika kwa Mirambo mwaka 1879. Risasi ya bahati mbaya ilimpiga, na daktari wa Urambo alikuwa yeye mwenyewe. Ikabidi aitwe Copplestone, mmisionari wa Uyui karibu na Tabora, asiye daktari, naye akaukata mkono kwa maelekezo ya Southon. Southon alifariki Julai mwaka huohuo.

Pale, mwenye mwili ndiye aliyekuwa mwalimu. Nani leo ana haki ya kumsahihisha daktari anayejifunza, na mbele ya nani?

Daktari anayesomea ubingwa katika hospitali ya Muhimbili, Bugando au KCMC si mtoto. Ana leseni, ana familia, pengine ameshawahi kuongoza hospitali ya wilaya. Halafu kwenye raundi, wauguzi wamezunguka kitanda, anaulizwa swali, anakwama, naye bingwa anacheka: “Hivi wewe ulifauluje?” Mgonjwa kalala hapo hapo, anasikia kila neno, na saa mbili baadaye daktari yuleyule atarudi kumchoma sindano.

Tabora hiyohiyo ina misikiti na makanisa ya kutosha kulijibu swali hilo. Imam Ghazali, katika kitabu chake Ihya, anatenganisha nasaha na karipio kwa kigezo cha siri: la faraghani ni nasaha, la hadharani ni fedheha. Injili ya Mathayo, sura ya 18, nayo inaagiza ndugu aliyekosa aonywe kwanza wakiwa wawili tu.

Lakini kisu kikikaribia mshipa wa damu, faragha ni anasa. Bingwa akingoja wabaki wawili, mgonjwa ameshakwisha. Hapo inatosha kusema: “Simama. Rudisha koleo.” Maneno hayo yanahusu mkono tu, wala hayamgusi mwenye mkono. Kosa lizuiwe papo hapo, hiyo ni haki ya mgonjwa; aibu haimsaidii yeyote aliyemo chumbani. Mengine yasubiri chumba cha madaktari, ila yasilale.

Mrejesho wa aina hiyo si upole wa bure. Kule Kigoma, Dkt. Godfrey Mbaruku aliongoza hatua 22 za gharama ndogo katika hospitali ya mkoa, zikiwemo kuwatathmini watumishi mara kwa mara na kuwafunza kazini. Kati ya 1984 na 1991 vifo vya uzazi vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Tathmini peke yake haikuyafanya hayo, ila bila hiyo nani angejua pa kurekebisha?

Mabingwa wanaosaini daftari la mazoezi la daktari anayejifunza, la mwaka mzima, kwa mkupuo, wiki ya mtihani, wanafanya kazi ya karani. Waandike sentensi moja siku ileile ya upasuaji: nini kilikwenda vizuri, nini kirudiwe kesho.