Usifungue Kifuniko Kingali cha Moto

Somo: 1 Wafalme 19:1-18

Salamu kwenu nyote mlio hapa Mantapala, na ninyi mlioshuka Nchelenge na Kashikishi kutafuta riziki kando ya ziwa.

Kabla ya vita kutuvusha kuja Zambia nilikuwa utingo wa lori, njia ya Lubumbashi hadi Pweto, kwa hiyo leo mnivumilie nikianzia kwenye injini. Mwezi uliopita gari tuliloazima kupeleka wanakwaya Kashikishi lilichemsha njiani. Mshale wa joto ulikuwa umepanda tangu mapema, lakini dereva alisema tujikaze, tumekaribia. Mvuke ulipotoka ndipo akasimama. Kijana mmoja wa kwaya, kwa nia njema kabisa, akashika kifuniko cha rejeta kwa kitambaa akakizungusha. Nilipiga kelele, nikachelewa. Aliungua mkono mpaka kwenye kiwiko. Sasa anaendelea vizuri, tumshukuru Mungu, na tuwashukuru wauguzi.

Maji ya rejeta yamefungiwa kwa presha, ndiyo maana yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukiondoa kifuniko presha inakwisha, na maji yanageuka mvuke papo hapo na kukurukia. Basi kazi ya kwanza ni kuegesha kando, kuzima injini na kungoja, nusu saa au zaidi, mpaka rejeta iguswe kwa mkono mtupu. Usimwagie injini ya moto maji ya baridi, chuma kitapasuka. Na kama mahali hapafai kusimama, washa hita ya ndani, kwa sababu huvuta joto la injini. Ndiyo, hata mwezi wa Oktoba. Abiria watanung'unika, lakini watafika.

Sasa mtazameni Eliya. Yeye naye alikuwa mkimbizi. Yezebeli ameapa kumwua, amekimbia hadi Beer-sheba, amemwacha mtumishi wake huko, ameingia jangwani peke yake na kuketi chini ya mretemu akiomba afe. Huyu ndiye aliyeshusha moto Karmeli! Angekuwa mikononi mwetu tungemwitia kikao cha wazee jioni ileile. Tungemwuliza imani yako iko wapi, mtumishi wa Mungu? Malaika hakumwuliza neno. Alimwacha alale. Akamgusa, akampa mkate uliookwa juu ya makaa na maji, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili. Swali lilikuja baadaye, Horebu, baada ya siku 40 za kutembea.

Lakini swali lilikuja. Hapo ndipo wengi wetu tunakosea upande wa pili. Gari likishapoa tunaongeza maji, tunawasha, tunasema limepona. Kesho linachemsha tena. Fundi wa kweli huuliza: linachemsha likiwa wapi? Kama ni likisimama au likienda polepole tu, huangalia feni na mkanda wake. Kama ni likipanda mlima na mzigo, huangalia rejeta, maana barabara zetu huijaza tope na mbegu za majani kwa nje, na maji matupu ya ziwani huleta kutu kwa ndani. Kama injini inaunguza na rejeta bado ni ya baridi, termostati imekwama. (Mafundi wengi huing'oa na kuitupa. Gari hutembea, lakini injini haifikii joto lake vizuri na hula mafuta.)

Ugonjwa mbaya kuliko yote ni maji kupungua kila siku na chini ya gari hakuna hata tone. Hapo mara nyingi gasketi ya silinda hedi imeungua, na maji yanavujia ndani. Fundi huchomoa kijiti cha oili: ikiwa imekuwa kama chai ya maziwa, amejua. Unaweza kujaza ndoo mwaka mzima na usiponye kitu.

Eliya alivujia ndani. Mungu alimwuliza mara mbili, unafanya nini hapa, na mara mbili akajibu neno lilelile, kwamba amesalia peke yake. Hapo ndipo palipovuja. Na Bwana alimjibu hapohapo: wako watu 7,000, na Elisha anakungoja, rudi.

Wapendwa, nimewahubiria na mimi mwenyewe nina deni. Mwanangu wa kwanza aliacha shule tukiwa bado Kenani, mwaka 2017. Usiku ule alirudi amechelewa, ana njaa, nami nikakifungua kifuniko palepale mbele ya wadogo zake. Nilisema maneno ambayo baba hasemi. Asubuhi alikuwa ameondoka. Tangu hapo namtumia unga na salamu kwa watu, naye anapokea, na mama yake husema basi, yameisha. Hayajaisha. Ni ndoo za maji tu. Sijawahi kumwuliza, kwa utulivu, ni nini kilimtoa shuleni, na yeye hajawahi kunisikia nikisema nilikosa.

Yuko Kashikishi, anachuuza chisense. Mtu aliyemwona wiki iliyopita anasema amekonda. Alhamisi nitashuka huko na gari la muhogo. Nitabeba chakula, tutakula kwanza. Nikimkuta amelala nitamwacha alale.

Niombeeni.

Mzee wenu wa kanisa