Je, Mtu Anaweza Kufanywa Asionekane?

Vijana wetu huona katika filamu mtu akivaa joho au kubonyeza kitufe, kisha akatoweka mbele ya macho ya wenzake. Halafu huuliza: jambo hilo linawezekana kweli? Wazazi na walimu wa imani tusiliite swali la kitoto. Ndani yake limo swali jingine zito: nikihakikishiwa kwamba hakuna atakayeniona, nitaishije?

Tuanze na lile la kwanza. Tunakiona kitu kwa sababu mwanga hukigonga, ukarudi na kuingia machoni mwetu. Ili kisionekane, mwanga hauna budi ama kupita ndani yake bila kupinda, ama kukizunguka kama maji ya mto yanavyolizunguka jiwe na kukutana tena mbele yake. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, wakifuata hesabu za mwanafizikia Mwingereza John Pendry, waliijaribu njia ya kuzunguka. Walikificha kipande kidogo cha shaba, lakini kilifichika mbele ya mawimbi ya mikrowevu tu. Jicho la mtu liliendelea kukiona kama kawaida. Kumficha mtu mzima anayetembea, mbele ya rangi zote za mwanga kwa pamoja, ni kazi ngumu mno, na hakuna aliyeiweza.

Zaidi ya hayo, kuna kikwazo ambacho filamu hazikitaji. Jicho huona kwa kuunasa mwanga. Mwanga ukipita moja kwa moja ndani ya mwili, jicho halinasi kitu. Mwanga ukimzunguka mtu pande zote, yeye aliye ndani hubaki gizani. Kwa njia zote mbili, asiyeonekana kabisa angekuwa kipofu.

Hata hivyo, hapa Mara hatuhitaji kungoja maabara ili tuone jambo linalofanana na hilo. Katika Ziwa Victoria zipo nyavu za timba, zilizofumwa kwa uzi mmoja mwembamba wa plastiki angavu. Ukiuzamisha majini, samaki hauoni. Sheria ya Tanzania imezikataza, na bado hutupwa usiku. Ukikatika na kupotea, wavu huo hauozi upesi. Huendelea kunasa samaki ambao hakuna atakayewala. Upande wa Bunda, mahali ambapo mashamba yanapakana na Hifadhi ya Serengeti, mtego wa waya hufanya kazi iyo hiyo: nyumbu hauoni mpaka umemkaba.

Sisemi hivi ili kumhukumu mvuvi. Ada ya shule haingoji sato wakue, wala mwenye mkopo hangoji. Lakini angalia lile tulilojifunza kuhusu jicho. Anayetupa wavu usioonekana, tena gizani ili doria isimwone, naye ameacha kuona. Haoni samaki wa mwakani, wala haoni jirani ambaye wavu wake halali utatoka mtupu.

Swali hili lilifika Butiama pia. Katika makumbusho ya Mwalimu Julius Nyerere kuna sehemu ya tafsiri yake ya Kiswahili, kwa mwandiko wake mwenyewe, ya kitabu cha Plato kuhusu dola. Ndani ya kitabu hicho, kilichoandikwa zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, kuna hadithi ya mchunga mifugo wa Lidia aliyeokota pete ya kumfanya asionekane. Kwa pete hiyo alimpata mke wa mfalme, akamuua mfalme na kuutwaa ufalme. Swali la hadithi ni hili: kama mwenye haki naye angepewa pete hiyo, angeendelea kuwa mwenye haki?

Katika makumbusho hayo hayo kuna rasimu ya kwanza ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, nayo kwa mkono wa Mwalimu. Azimio liliwataka viongozi wasiwe na mishahara miwili wala nyumba za kupangisha. Yalikuwa masharti mazuri. Lakini hakuna azimio linaloweza kumfuata mtu hadi chumbani akihesabu fedha peke yake.

Hapo ndipo wengi wetu hujibu haraka, “Mungu anakuona.” Ni kweli, na Zaburi ya 139 inafundisha kwamba kwake giza si giza. Lakini tukiishia hapo, tumemfanya Mungu kuwa boti la doria, na mtoto atajifunza tu kuogopa kukamatwa.

Tusome pia Mwanzo sura ya 16. Hajiri, mjakazi mjamzito, alikimbilia jangwani. Katika nyumba aliyotoka hawakumwita kwa jina, bali kwa kazi yake. Mungu alimkuta penye chemchemi, akamwita kwa jina, naye akamtambua kuwa Mungu aonaye. Kwa Hajiri, kuonwa halikuwa tishio. Kulikuwa wokovu.

Basi tujiulize ni akina nani tuliowafanya wasionekane bila teknolojia yoyote. Mama anayeanika dagaa mwaloni Mwigobero tangu alfajiri. Kibarua wa mtumbwi anayezama majini, na tajiri wake hajui hata kwao ni wapi. Kuwapita kila siku ni kuvaa joho lile lile, sisi tukiwa ndani yake, vipofu.

Kijana akiuliza tena, tumweleze sayansi kwa ukweli: inaweza kusonga mbele, nasi tusiiogope. Kisha tushuke naye mwaloni, tumwulize mama yule jina lake, na tukae kidogo tumsikilize.