Uliza Maji Kwanza

Mjukuu wangu, mama yako amenipigia simu kuniambia kwamba Desemba hii mnakuja Diani, wewe, mkeo na watoto. Nyuma yake niliwasikia wanao wakipiga kelele, "Bahari! Bahari!" Nilicheka nao. Usiku usingizi ukanikimbia.

Si kwamba sitaki mje. Njooni, karibuni sana. Lakini nimekaa kando ya maji haya tangu kuzaliwa, na zaidi ya miaka thelathini nimekula kwa kazi ya kupeleka wageni mwambani kwa mashua. Nimewaona wakiteremka ufuoni wakicheka. Nimewaona pia wakiondoka. Hawakuondoka wote wakicheka, mwanangu.

Nisikilize basi, kabla hujakata tiketi.

Zamani mtu wa Nairobi akija huku alikesha ndani ya basi. Alifika kachoka, hana haraka, akakaa kwanza chini ya mti akauliza habari za mji. Tangu treni mpya ianze, 2017, mtu anakunywa chai Nairobi na mchana yuko Miritini anatafuta gari la kumvusha Likoni. Mwili umefika, akili bado iko njiani, Mtito Andei. Na siku zake ni nne tu, amezilipia, hataki kupoteza hata saa moja kwa kuuliza.

Wala si haraka peke yake. Ni aibu. Ninyi vijana mnaona haya kuonekana washamba. Mnavaa miwani ya jua, mnapita mbele ya wavuvi kama mliozaliwa hapa, hamsalimu, hamuulizi. Na wewe usiniambie kwamba damu yako ni ya hapa. Umelelewa Nairobi, baba, na bahari haisomi ukoo.

Mimi husema hivi: aibu ya kuuliza ni ya dakika moja, aibu ya kutouliza hubebwa na watu wanne.

Kwa hiyo nakusihi, uliza maji kwanza. Kabla hujatandika leso, kabla mtoto hajavua viatu, mtafute mvuvi yeyote umuulize, "Maji yanajaa au yanakupwa?" Hatakucheka. Na akikucheka, mwache acheke.

Maji yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Mwezi unapoandama, na unapokuwa mpevu, ndiyo bamvua: maji hupwa mbali kabisa, kisha hujaa juu kabisa. Baina ya kupwa na kujaa kwa siku hizo ni zaidi ya mita 3. Kasimame kwenye mlango wa nyumba yako, utazame juu. Mlango ule unafunikwa wote na maji yanabaki.

Sasa tazama mtego ulipo. Siku za bamvua, hapa kwetu maji hupwa mnamo saa nne, saa tano asubuhi, na kufikia saa kumi, saa kumi na nusu alasiri yamejaa pomoni. Wageni wanateremka baada ya chai wanakuta bahari imekwenda zake. Mchanga mweupe, vidimbwi, maji ya magotini. Watoto wanachezea fungu fulani, wanalizoea, wanalipa jina. Inafika saa saba wanaitwa kula. Wanakula, wanapumzika, jua likipungua makali wanarudi. Mtoto hajui saa. Anakimbilia palepale alipochezea asubuhi, na sasa pale baba yake mwenyewe hagusi chini.

Desemba ni kaskazi, tena maji ni matulivu, ya kijani kama chupa. Hayana sura ya kuua. Wakati wa kusi bahari hunguruma na mtu huogopa mwenyewe bila kuambiwa. Mimi naichelea zaidi bahari inayotabasamu.

Nitakwambia jambo ambalo hata mama yako sijamsimulia lote.

Mwaka mmoja, siku mbili baada ya Krismasi, nilikuwa chini ya mkungu natia kalafati mashua yangu. Akapita baba mmoja kijana na wanawe wawili, binti mdogo begani, mvulana amemshika mkono, wanaelekea mwambani kwa miguu. Maji yalikuwa yamekupwa sana. Mvulana alivaa kandambili nyekundu. Nikawatazama, nikasema moyoni, huyu ni mtu mzima, atakuwa anajua. Hakuniuliza, nami sikumwita. Nikaendelea na pamba yangu na nyundo yangu.

Maji yanaporudi hayakujii usoni, mjukuu wangu. Huingilia mlangoni, pale mwamba ulipokatika, yakajaza kwanza bonde lililo kati ya mwamba na ufuo. Wewe umesimama pakavu, unapiga picha, unaona mawimbi yako kulekule yalikokuwa, unajiona salama. Ukigeuka, njia iliyokuwa ya magotini imekuwa ya kifuani, na inavuta.

Baba alirudi na binti begani. Mvulana tulimpata jioni, mimi na wenzangu wawili. Alikuwa bado na kandambili moja mguuni. Mama yao alikuwa ametandika leso chini ya mnazi, amekata maembe, anawangoja.

Tangu siku ile nawaita wote. Wengine hunitukana, hudhani nawauzia kitu. Sijali. Lakini mimi ni mzee mmoja na ufuo ni mrefu, sitakuwa kila mahali, na wewe siku hiyo huenda usipite mbele yangu. Uliza, mwanangu. Tafadhali uliza.

Na ukiambiwa habari za msikiti wa zamani wa Kongo, kule mwisho wa Diani kwenye mibuyu, nenda, ni pazuri mno. Ila mto Mwachema unamwagikia hapohapo. Maji yakiwa yamekupwa watu huvuka kwenda Tiwi kwa miguu huku wamekunja suruali. Saa chache baadaye mvuko huohuo haupitiki, na yanapoanza kupwa tena mto huvuta kila kitu kuelekea nje. Aliyevuka akacheza ng'ambo akasahau saa, atakuwa na safari ndefu ya kuzunguka kwa barabara. Azunguke. Tafadhali azunguke.

Mashua nisikuchoshe. Hesabu vichwa, hesabu jaketi za kuokolea maisha. Zikipungua kwa moja, shuka, hata kama umeshalipa.

Sasa chakula, na hapa nina maneno mengi zaidi, kwa sababu bahari huua mara moja moja lakini mezani watu huumia kila siku.

Mjomba wako alikuja na familia yake miaka kadhaa nyuma. Jioni ya mwisho akasema atawapeleka wanawe mahali pazuri, pa mishumaa, miguu mchangani. Jina la mahali sitalitaja, kwa maana hawakumwibia. Alifungua orodha ya vyakula, akaona kamba koche, akaona bei, akashangaa mbona rahisi hivi. Akaagiza. Mhudumu akaleta kamba mzima kwenye sinia, mkubwa, ndevu bado zinacheza. Watoto wakapiga makofi. Mjomba wako akaitikia kwa kichwa, kama bwana mkubwa.

Bei ile ilikuwa ya gramu 100. Imeandikwa pale, kwa herufi za kupekua kwa kurunzi. Na kamba alikuwa na kilo moja na ushee. Hesabu ilipokuja, tarakimu ile rahisi ilikuwa imezidishwa mara kumi na mbili, na juu yake madafu, wali, kodi, na yule kamba wala watoto hawakummaliza, walisema anafanana na mdudu.

Alilipa. Kwanza kwa alichokuwa nacho, kilichobaki akakopa kwa Fuliza kwenye simu. Pesa aliyokuwa nayo ilikuwa ya karo. Njaanuari ya mwaka ule ilimkuta mtoto yuko nyumbani wiki mbili wenzake wakiwa darasani, na mkewe hakumsemesha mpaka Februari. Hivi sasa ukimtajia kamba, anatazama pembeni.

Kilichomponza ni kwamba aliona haya kumuuliza mhudumu mbele ya wanawe, "Huyu mzima ni shilingi ngapi?" Maneno matano tu hayo. Bei isiyotajwa hunenepea ndani ya sahani, mjukuu wangu. Uliza kabla moto haujawashwa. Muuza dafu, mwenye ngamia, tuktuk, kijana anayekutembeza ufuoni na kukuita "braza", wote waulize kabla, si baada. Wengi ni watu wa haki. Lakini hata mtu wa haki, ukimwachia akukadirie, atakukadiria kwa miwani uliyovaa.

Na samaki je? Muulize amelala wapi. Usicheke. Jodari au nguru aliyeachwa juani nusu siku huzuka sumu mwilini mwake, na sumu ile moto hauiondoi. Mkaange mara tatu, mtie ndimu na pilipili, bado itakupata: uso mwekundu, kuwashwa, kichwa kinagonga, tumbo. Samaki mzima jicho lake limejaa na linang'aa, ukifungua shavu ndani ni jekundu, ukimbonyeza anarudi. Omba kumwona akiwa mbichi. Mpishi asiyetaka umwone samaki wake, mwachie amle yeye.

Mkikaribishwa na wenyeji mahali mkaletewa nyama ya kasa, kwanza sheria inakataza kumuua, na pili iogopeni. Machi 2024 kule kisiwa cha Panza, Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walikufa kwa kula nyama ya kasa. Watu wa bahari kama sisi, waliozaliwa juu ya maji. Kwa macho hakuna wa kukwambia kasa yupi ana sumu na yupi hana, na kupika hakusaidii.

Sasa utasema babu ananitisha nisile. La. Kula, mwanangu, kula sana! Ila kula pale chungu kinapokwisha. Ukiona mlango umejaa tuktuk, na madereva wamekunja mikono ya shati wanakula bila kuzungumza, ingia, kwa sababu hapo chakula hakilali. Asubuhi tafuta mama anayekaanga mahamri mbele ya macho yako, yanafura ndani ya mafuta kama mashavu ya mtoto, uyale na mbaazi za nazi. Mkiwa Mombasa mjini jioni, nendeni Mama Ngina, mkae ukutani mtazame meli zikiingia Kilindini, mnunue mihogo ya kukaanga iliyopasuliwa katikati ikatiwa ndimu na pilipili. Watoto wako wanne watashiba na hutakopa. Kwa nini mtu apite haya akatafute mishumaa, sijui. Bibi yako alikuwa akisema mishumaa ni ya siku umeme umepotea.

Nimeambiwa pia kwamba siku hizi mzazi humtazama mtoto wake ndani ya simu. Amesimama ufuoni anamrekodi akiruka mawimbi. Naomba jambo moja tu: mmoja wenu apige picha, mwingine amtazame mtoto kwa macho yake mawili, na mbadilishane. Mkiwa wote wawili mmeshika simu, mtoto yuko peke yake baharini.

Haya. Najua mkeo atasoma barua hii aseme mzee ana maneno. Mwambie ni kweli, na tena namsalimu. Vitukuu wangu waambie nimewatengenezea kijimashua cha kifuu, na tanga lake ni kipande cha kanzu yangu ya zamani.

Siku mkikata tiketi, usisubiri, nitumie tarehe palepale, ya kuja na ya kurudi, nikutazamie mwezi.