Hayupo, Hayuko, Hayumo: Kutokuwepo katika Sanaa ya Wasanii wa Asili ya Kihindi

Kiswahili hakimruhusu msemaji kutaja kutokuwepo kwa mtu bila kutaja pia mahali anapokosekana, kwa kuwa kitenzi chenyewe humlazimisha kuchagua kimoja kati ya viambishi vitatu: akisema hayupo, anakusudia mahali mahususi panapojulikana, akisema hayuko, anakusudia upande au eneo ambalo mipaka yake haiko wazi, na akisema hayumo, anakusudia ndani ya kitu, kiwe chumba, mtungi au orodha ya majina. Kwa hiyo hakuna anayekosekana hivi hivi tu. Kila asiyekuwepo ameacha mahali pake, na mahali hapo hubaki ndani ya neno hata baada ya yeye kuondoka. Jambo hili, ambalo wanafunzi wa sarufi hulipita haraka, ndilo linalofaa kuwa mlango wa kuingilia kazi za wasanii wenye asili ya Bara Hindi walioishi na kufanya kazi nje yake, kwa maana wengi wao wamelifanya suala la kutokuwepo kuwa mali ghafi ya sanaa yao.

Jamii ya watu waliotawanyika mbali na chimbuko lao huku wakiendelea kujitambua kwalo huitwa diaspora, na mahali wanapoishi huitwa ughaibuni. Neno hili la pili limejengwa juu ya ghaibu, lenye asili ya Kiarabu, ambalo hubeba maana ya kutokuwepo na ya kufichika. Lakini anayesoma kwa ghaibu ni yule asomaye bila kitabu mbele yake, ambaye maandishi yamemtoka machoni yakamkaa moyoni. Neno moja, basi, linamtaja aliyeondoka na linataja pia namna ya kukishika kilichoachwa. Methali isemayo asiyekuwepo na lake halipo huiamua kesi hii kwa haraka mno. Penye kugawana mali methali hiyo ni kweli, tena kweli chungu, lakini ikichukuliwa kuwa kanuni ya kuwepo kwenyewe ina kasoro, kwa sababu inadhani kwamba mtu akiondoka huondoka na kila kilichokuwa chake, ilhali pengo analoliacha ni jambo jipya ambalo kabla ya safari yake halikuwepo.

Zarina Hashmi, aliyependa kujulikana kwa jina la Zarina pekee, alizaliwa Aligarh, kaskazini mwa India, mwaka 1937, akawa na umri wa miaka 10 wakati Bara Hindi lilipogawanywa kuwa India na Pakistan. Familia yake ilihamia Pakistan baadaye, naye akaishi Bangkok, Paris na Tokyo kabla ya kufanya makao New York, na alifariki London mwaka 2020. Alikuwa amesomea hisabati, na ukavu mzuri wa hisabati unaonekana katika machapisho yake ya ubao. Huu ni ufundi ambao msanii huchonga ubao kwa patasi, akaupaka wino, kisha akaukandamiza kwenye karatasi, hivi kwamba kilichochongwa hubaki cheupe na kilichoachwa ndicho kinachoshika wino. Katika Dividing Line ya mwaka 2001, yaani Mstari Ugawao, mstari mmoja mweusi unashuka kwa kupindapinda juu ya karatasi, nao ni mpaka wa India na Pakistan. Mtazamaji hudhani kwamba mkono wa msanii uliuchora mstari ule, kumbe patasi haikuupitia. Ilichonga kila kilichokuwa upande huu na upande ule, hata mstari ukasalia umesimama peke yake kama ukuta mwembamba wa mti, na pembeni mwake kukabaki mikwaruzo na chembe nyeusi pale chuma kilipopita bila kumaliza kazi. Nchi mbili zimekuwa kile kilichoondolewa. Kilichobaki ni mpaka, ambao kabla ya mwaka 1947 haukuwepo. Ni vigumu kupata hoja ya kifalsafa kuhusu mgawanyiko iliyosemwa kwa ukamilifu kiasi hiki na kwa vifaa vichache kiasi hiki.

Kazi yake nyingine, Home Is a Foreign Place ya mwaka 1999, jina linaloweza kufasiriwa Nyumbani ni Ugenini, ina machapisho 36, na kila moja lilianzia kwenye neno la Kiurdu, kama vile mlango, kizingiti, mpaka au lugha. Aliyaorodhesha maneno kwanza, akampelekea mwandishi wa hati nchini Pakistan ayaandike kwa mwandiko wa nastaliki, na baada ya hapo ndipo akalitafutia kila neno sura yake. Mpangilio huo una maana, kwa sababu anayeishi nyumbani hukutana na kizingiti kwa unyayo kabla ya kukitaja, lakini aliye ughaibuni hana cha kukanyaga, naye huanza na neno na kulijenga upya jengo kutoka humo. Hivyo ndivyo asomavyo mtu kwa ghaibu.

Kwa Anish Kapoor, aliyezaliwa Mumbai mwaka 1954 na kuhamia Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1970, suala ni la ndani, la -mo. Descent into Limbo ya mwaka 1992 ni shimo lenye kina cha takribani mita 2.5 katika sakafu ya chumba, lililopakwa weusi unaomeza nuru hata likaonekana kama duara bapa, na mwaka 2018, jijini Porto, Ureno, mtazamaji mmoja alitumbukia humo. Kapoor amepinga mara kwa mara kazi zake kusomwa kwa kuanzia asili yake, na katika hilo ana haki. Hata hivyo, shimo lake linaweza kuchimbwa Kassel, Ujerumani, au Porto bila kubadilika, na utupu usio na mwenyewe, hata ukiwa wa ajabu namna gani, haumdai mtu chochote.

Utupu unaodai umo katika kazi ya Zarina Bhimji, aliyezaliwa Mbarara, Uganda, mwaka 1963 kwa wazazi wenye asili ya Kihindi. Mwezi Agosti 1972 Rais Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke nchini katika muda wa siku 90, na makumi ya maelfu wakaondoka, huku maduka, viwanda na nyumba zao vikitwaliwa na kugawiwa wengine. Methali ikawa sheria. Bhimji alifika Uingereza mwaka 1974, na miaka mingi baadaye alirudi Uganda na kamera, akatengeneza Out of Blue, filamu ya dakika 24 iliyoonyeshwa katika maonyesho ya Documenta mjini Kassel mwaka 2002. Ndani yake mna vilima vyenye ukungu, moto unaokula majani, kambi za askari, vyumba vya mahabusu, makaburi, kuta zilizobabuka rangi na uwanja wa ndege wa Entebbe. Haonekani mtu. Sauti ndizo zinazojaza mahali pa watu: mlio wa moto, mbu, risasi, na uimbaji wa kawali, ambao ni uimbaji wa Kisufi wa Bara Hindi.

Pingamizi zito linaweza kutolewa hapa, kwamba kuonyesha nchi ya Kiafrika bila Waafrika ni kurudia jicho la kikoloni lililoiona ardhi kuwa tupu, na kwamba jamii iliyowahi kupewa daraja la juu katika biashara ya wakati wa ukoloni haina ruhusa ya kuililia ardhi hiyo kana kwamba ni yake peke yake. Pingamizi hili halifutiki lote. Lakini filamu yenyewe inakataa kusema aliyekosekana ni nani, na hapo ndipo penye nguvu yake, kwa sababu katika vyumba vya mahabusu na kambi za utawala ule walipotelea raia wengi mno wa Uganda ambao hawakuwa na asili ya Kihindi wala tiketi ya ndege ya kuwapeleka London. Ukuta unaoonyeshwa unawahifadhi wote kwa namna moja. Hayupo mwenye duka, na hayupo mfungwa. Kiambishi ni kilekile kwa sababu pahali ni palepale, na anayetazama hawezi kumlilia mmoja bila kusimama katika chumba cha mwingine.

Nakala ya filamu hiyo imo katika mkusanyo wa makumbusho ya sanaa ya Tate nchini Uingereza, nako inatunzwa vizuri. Lakini wenye haki ya kwanza ya kuitazama ni watu wa Mbarara, Jinja na Kampala, ambao hupita kando ya kuta za namna ile kila siku, na vyuo vya sanaa vya Afrika Mashariki, kikiwemo kile cha Makerere, vinapaswa kuiomba na kuifundisha.