Mtoto wa Njia Afundishwe Kuomba



Wengi wenu huenda Ibanda kuuza mboga na ndizi katika soko la Nyawera. Huko mwawaona watoto wanaoitwa maibobo, walalao nje. Mtu akikosa fedha zake, macho yote huwaelekea wao, na kabla haijajulikana aliyeiba ni nani, fimbo zimekwisha inuliwa. Ajitayarishaye kwa Ubatizo asiinue ya kwake. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 yasema kwamba aliye chini ya miaka 14 hahesabiwi hatia ya jinai. Aliyefikia umri huo, lakini hajatimiza 18, ataitwa mbele ya tribinali ya watoto, si mbele ya soko.

Lakini kutompiga peke yake hakumfunzi kitu. Mtoto aliyekua kwa kunyang’anya hajui kuomba, wala kupokea kwa mikono miwili na kusema asante. Adabu hizi mwana wenu amezipata nyumbani bila kujua. Huyu atazipata wapi?

Mtakatifu Yohane Bosco, padri wa mji wa Torino katika Italia, alilijua jambo hili. Tarehe 8 Desemba 1841 mtumishi wa sakristia alimfukuza kwa mapigo kijana yatima asiyejua kutumikia Misa. Padri akaagiza aitwe, akisema huyo ni rafiki yake. Akamwuliza: Wajua kusoma? Hapana. Kuimba? Hapana. Na kupiga mluzi je? Kijana akatabasamu. Ndipo mafundisho yakaanza, kwa Ishara ya Msalaba. Angalieni: mluzi ulitangulia. Tena tarehe 8 Februari 1852 aliandikisha mapatano na fundi seremala aliyempokea kijana kazini: kijana awe mtiifu na mwenye heshima, naye fundi amwonye kwa maneno tu. (Mafundi wengine wa kwetu wangeyasoma mara mbili!)

Fanyeni vivyo hivyo. Mwulizeni mtoto jina lake, mmwite kwa jina hilo. Mpeni kazi ndogo, na ujira mliopatana, usipungue. Akitukana, msimrudishie, mwambieni aseme tena kwa upole, mngojee. Akiiba, arudishe mwenyewe na kuomba radhi, nanyi msimame karibu naye, maana peke yake ataogopa. Yezu naye alimwita Zakayo kwa jina, akataka kukaa nyumbani mwake, kabla Zakayo hajasema kwamba atarudisha.

Dominika ijayo kila mmoja amwambie katekista wake jina la mtoto mmoja aliyesalimiana naye sokoni.